Mwalimu Mkuu na Mashine ya Kukaushia Shuka

Mwalimu Mkuu alikuwa na kitambaa cha mkononi ambacho sikuwahi kukiona kikifuliwa. Akishapenga kamasi alikikunja polepole, pembe juu ya pembe, kama mtu anayekunja bendera, na kukirudisha mfukoni. Mgeni akiingia, kitambaa kilekile kilitoka, kikapangusa kikombe ndani na nje, na chai ikamiminwa. Nilikunywa chai hiyo kwa miaka mingi. Kabla ya kumeza niliomba kimoyomoyo, na sala yangu haikuwa ya kubariki chakula tu. Mungu alinilinda, maana sikumbuki kuugua tumbo kwa sababu ya chai yake, na kwa hilo nashukuru hadi leo.

Naandika habari zake kwa sababu vijana wa kanisa letu hapa Kibugu, sasa kwa kuwa hayupo, wanamtaja kama malaika. Wengi wao aliwafundisha kusoma, na wana haki ya kumkumbuka hivyo. Mimi nilikuwa jirani yake. Kati ya boma lake na langu kulikuwa na mistari michache ya michai na njia ya miguu. Wanafunzi walimjua akiwa amefunga tai. Mimi nilimjua akiwa na malapa.

Shuleni aliogopwa kwa jambo moja, nalo ni usafi. Kila Jumatatu, kabla ya bendera kupandishwa, alipita kati ya mistari ya watoto akikagua kucha, masikio na kola za mashati. Alikuwa na rula ndefu ya mbao aliyoitumia kuinua nywele akitafuta chawa. Hakumgusa mtoto kwa mkono. Aliyepatikana na chawa alirudishwa nyumbani papo hapo, mbele ya wenzake wote, na hakuruhusiwa kurudi mpaka anyolewe. Binti yangu Muthoni alirudishwa siku moja namna hiyo. Alifika nyumbani analia, amejifunika kichwa kwa sweta, na nikamnyoa kwa wembe huku akiniuliza kama sasa yeye ni mchafu. "Usafi ni heshima ya ngozi," Mwalimu Mkuu alipenda kusema, na aliisema kwa Kiswahili chake cha gwaride, maana alikuwa mtu wa upande wa Meru, kule Kiirua. Sisi watu wa Embu tulielewa Kimeru chake vizuri tu, lakini yeye aliamua zamani kwamba mtu mwenye cheo azungumze Kiswahili. Alikizungumza na mke wake. Alikizungumza hata na mbwa.

Sasa ingia nyumbani kwake. Juu ya meza utakuta majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yametandazwa kwenye sinia yakauke, yapikwe tena. Kando yake vipande vya sabuni vya rangi mbalimbali, amevibana pamoja kwa mkono kuwa donge moja lenye nywele ndani. Maji aliyoogea hakuyamwaga. Yalikaa kwenye ndoo, yakafanya utando juu, na jioni yakatumika kuosha veranda. Niliwahi kumwambia kwamba veranda yake inanuka kwapa. Alicheka sana. "Mama Muthoni," akasema, "wewe una pua ya mzungu."

Simsemi vibaya kwa kufurahia. Nilipofiwa na mume wangu, mtu huyu alivuka ile njia ya miguu kila asubuhi kunikamulia ng'ombe, kwa kuwa mimi sikuwa na nguvu ya kuinuka. Alifanya hivyo mpaka nilipoweza tena. Hakuomba chochote, wala hakulitaja jambo hilo baadaye. Maziwa yale tuliyachemsha mara mbili, kwa sababu niliijua mikono yake, lakini tuliyanywa. Muthoni alijifunzia hesabu kwenye ile veranda inayonuka, likizo baada ya likizo, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu huko Meru mjini, karibu na Makutano. Kwa hiyo nilikuwa na deni la shukrani kwake, na labda ndiyo maana nilivumilia mengine muda mrefu.

Mke wake, tuliyemwita Mama Igoki, alikuwa mtu wa huku kwetu na rafiki yangu tangu usichana. Tuliimba pamoja kwaya, tukachuma chai pamoja, tukazeeka pamoja. Alikuwa mwanamke nadhifu kupita kiasi, na jinsi alivyoishi ndani ya nyumba ile sijui. Alifua kwa siri. Mumewe akienda shule, yeye alimwaga maji ya ndoo, akatupa yale majani ya chai, akachemsha vikombe. Jioni mzee alirudi na kuanza upya. Waliishi hivyo na sikuwahi kusikia wakigombana.

Kisha Mama Igoki alipata kiharusi. Upande wake wa kushoto ukafa, ulimi ukawa mzito, na akawa mtu wa kitandani. Mtu wa namna hiyo hubadilishiwa shuka kila siku, siku nyingine zaidi ya mara moja, na ninyi mnaojua Kibugu mwezi wa saba mnajua kwamba huku hakuna kitu kinachokauka. Ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi na hauondoki. Shuka inatundikwa Jumatatu na Alhamisi bado inadondosha maji. Mimi na akina mama wenzangu wa kanisa tulipokezana kumwogesha na kufua. Kukausha kulitushinda.

Binti yao Igoki, anayefanya kazi Nairobi, akaleta mashine ya kukaushia nguo. Ilikuwa imetumika, lakini nzima. Wengi wetu hatukuwa tumeiona ya namna hiyo. Ni kama sanduku kubwa jeupe lenye pipa ndani. Unaweka nguo mbichi, pipa linazunguka, hewa ya moto inapita, na ile hewa yenye unyevu inatoka nyuma kupitia bomba pana linalokunjika, la kupeleka nje. Njiani kuna chujio linalonasa ile pamba ya kijivu inayotoka kwenye nguo. Igoki alituelekeza vizuri: safisha chujio kila mara, na bomba litoke nje mahali peupe. Aliiweka kwenye chumba kidogo cha stoo. Kati ya stoo na kitanda cha mama yake kulikuwa na ukuta wa mbao tu.

Wiki za kwanza nilimshukuru Mungu kwa mashine ile kama ninavyomshukuru kwa mvua. Shuka zilitoka zina joto na tulimtandikia mgonjwa zikiwa bado zina joto, naye alifumba macho.

Lakini Mwalimu Mkuu aliketi mbele ya mashine na kuwaza. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha sayansi maisha yake yote. Alisimama nje, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akahisi joto likitoka kwenda kwenye ukungu bure, na jambo hilo lilimuuma kama jino. Wakati huo alikuwa na vifaranga kwenye kibanda chini ya dirisha la stoo, na kila siku alichoma makaa kuwapasha moto. Mnaona alikoelekea. Alikata tundu kwenye kibanda, akaingiza bomba, akaziba pembeni kwa magunia.

Alituita kuona. "Angalieni," alisema, akifunua gunia. Vifaranga walikuwa wamejazana mbele ya bomba, manyoya yakipeperuka, na humo ndani mlinuka kinyesi na nguo za mgonjwa zilizochanganyika. "Joto limekausha shuka, sasa linalea kuku. Hakuna kilichopotea."

"Na unyevu, Mwalimu?" mmoja wetu akauliza. "Hao si watapata mafua?"

"Unyevu ni maji. Kuku wanakunywa maji."

Tulirudi nyumbani. Mimi nilitema mate njiani, jambo ambalo si tabia yangu.

Halafu kulikuwa na ile pamba ya chujio. Aliona ni dhambi kuitupa. Ikitolewa kila mara inatoka vipande vipande, isiyo na faida. Ukiiacha ijikusanye mpaka iwe nene kama blanketi, inabanduka yote kwa pamoja, na unaweza kuijaza kwenye mto. Kwa hiyo alitukataza kugusa chujio. Alilibandua mwenyewe likishakuwa limeshiba, akaikunja ile pamba, nywele za Mama Igoki na ngozi yake na nyuzi za shuka zikiwa humo, na akashona mito. Mmoja aliuleta kanisani, zawadi ya kiti cha mchungaji. Mchungaji aliukalia Jumapili nzima, akampongeza kwa kuwakumbuka watumishi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele. Niliinamisha kichwa na watu wakadhani naomba.

Baada ya muda mashine ikaanza kuzima katikati ya kazi. Unaigusa, mwili wake unaunguza kiganja. Inakaa, inapoa, inawaka tena, inazima tena. Shuka zinabaki ndani ya pipa usiku kucha, vuguvugu, nusu zimekauka. Igoki akasikia kwenye simu, akatuma fundi kutoka Embu mjini. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye kofia. Hakuchukua muda. Alifungua chujio, akaangalia, akacheka.

"Mzee, hii imevaa sweta?"

"Hiyo ni pamba," Mwalimu Mkuu akasema. "Haijakomaa."

Fundi akanitazama mimi kama anaomba msaada. Kisha akafuata bomba mpaka dirishani, akachungulia nje.

"Zii. Hii paipu inaenda kwa kuku?"

"Inaenda kwenye kibanda."

"Sasa mwalimu, hii kitu itapumua aje? Huku umeziba na pamba, huku umeziba na kuku. Angalia." Akachomoa bomba, akalikung'uta sakafuni. Likatoa manyoya, vumbi la mahindi, na mavi makavu ya vifaranga yaliyoshikana na pamba mbichi kuwa kama uji uliolala. "Ndio maana inazima. Kuna kakitu huku ndani, inakata moto kama joto imezidi. Iko sawa kabisa. Inawaokoa."

"Najua kazi ya kitu hicho," Mwalimu Mkuu akasema. "Nimefundisha umeme kabla mama yako hajaolewa."

"Basi unajua. Safisha, toa hii kwa kuku, itafanya. Na usiguse hiyo kakitu, wengine huwa wanaunganisha na waya. Hiyo ni kuchoma nyumba."

Mwalimu Mkuu alimshukuru kwa adabu, akampangusia kikombe, akampa chai. Fundi alipoondoka, bomba lilirudi kwa kuku.

Kilichonichukiza zaidi katika haya yote si uchafu. Ni kwamba alijua. Kama angekuwa mtu asiyeelewa, ningemfundisha polepole, kama tunavyofundisha katekisimu. Lakini alikuwa na uwezo wa kukuchorea mashine ile ubaoni, kila swichi na kazi yake. Na siku iliyofuata mashine haikuzima tena. Ilizunguka mpaka mwisho. Nilidhani amekubali ushauri. Nilipochungulia nyuma nikaona kifuniko kimefunguliwa, na kile kidude cha kukata moto kimerukwa kwa kipande cha waya, kimesokotwa vizuri na kwa ustadi mkubwa, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Shuka zikaanza kutoka na madoa ya kahawia, kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Stoo ikanuka kuungua. Ule ukuta wa mbao, ukiweka mkono upande wa kitanda, ulikuwa moto. Upande ule ndiko kilikokuwa kichwa cha rafiki yangu, asiyeweza kuinuka wala kupaza sauti.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha. Nilipofungua vifungo vya gauni, nikakuta shingo na kifua vimejaa vipele vyekundu, vingine vimekwaruzwa na mkono wake mmoja mzima mpaka vikatoa damu. Nikainua shuka kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya ile nyeupe kulikuwa na vumbi jekundu, na vumbi lilikuwa linatembea. Ulikuwa utitiri wa kuku. Ulikuwa umepanda kupitia bomba, ukaingia kwenye pipa mashine ilipokuwa imelala na shuka ziko ndani, na sisi tumekuwa tukimtandikia kila siku, sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukimwambia apumzike. Nilitapika kwenye karai.

Kisha nikaenda stoo, nikachomoa plagi.

Mwalimu Mkuu alikuja mara moja. Sauti ya mashine ilikuwa kama pumzi yake mwenyewe, ikikatika alijua.

"Nani amezima?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mama Muthoni, wewe si fundi."

"Sio. Lakini nina macho. Angalia hii shuka ilivyoungua."

"Hiyo ni rangi tu. Mkate ukiiva unakuwa hivyo."

"Mkate haulaliwi na mgonjwa. Toa ule waya."

"Nikiutoa, inasimama kila saa. Unataka Mama Igoki alale kwa maji?"

"Basi toa paipu kwa kuku."

"Vifaranga watakufa na baridi."

"Wafe."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. Kwa kweli sikuwa nimewahi kumwambia mtu neno gumu namna ile, na sikulijutia.

"Njoo uone shingo ya mama," nikamwambia.

Alichelewa kidogo sebuleni, nikasikia droo ikifunguliwa. Alipoingia chumbani alikuwa na miwani, na mkononi ana ile rula ya mbao. Akasimama kando ya kitanda, akanyoosha mkono, na kwa ncha ya rula akainua kola ya gauni la mke wake.

Nimeona mambo mengi ya kuchukiza. Nimeosha maiti. Lakini hakuna kilichonigeuza roho kama ncha ile ya mbao ikipita kwenye shingo ya mwanamke aliyempikia maisha yake yote.

"Weka hiyo rula chini," nikasema.

Hakuiweka. Alikuwa akisoma vile vipele, midomo ikicheza. Aliona kile nilichoona mimi kikitembea.

Mama Igoki ndiye aliyezungumza. Tangu augue, maneno yake yalitoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mwalimu. Nawashwa."

"Tangu lini?"

"Tangu... kuku."

"Mbona hukusema?"

Nusu ya mdomo wake iliyokuwa hai ikainuka. "Ungenirudisha... nyumbani."

Sikucheka, ingawa nadhani alitaka nicheke. Mwalimu Mkuu pia hakucheka. Alishusha rula, akatazama ile rula kwa muda, kisha akatutazama sisi.

"Namchukua kwangu," nikasema. "Leo. Mpaka ile mashine itoke upande wa pili wa ukuta huu."

"Mke wangu haendi mahali."

"Muulize yeye."

Hakumuuliza. Alimtazama tu, na Mama Igoki akafumba macho, polepole, akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Akina mama wakaja. Tulimbeba kwa blanketi kati ya michai, kila mmoja ameshika pembe, na ukungu ulikuwa mwingi kiasi kwamba nilipogeuka sikuiona nyumba. Nilijua Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni kwa sababu nilimsikia akipenga.

Kwangu hakukuwa na mashine. Tulitundika shuka jikoni juu ya moto wa kuni, na zilikauka, lakini zilinuka moshi na Mama Igoki alikohoa. Vipele vilipona. Usingizi ndio haukuja. Alilala macho wazi, akitazama mabati ya nyumba ngeni, na nikiingia alijifanya amelala ili asinisumbue.

Mwalimu Mkuu alikuja siku ya tatu au ya nne, kabla ya giza, akiwa na mfuko. Hakuingia. Alisimama getini.

"Leta shuka mbichi," akasema. "Nitazikausha."

"Kwa nini? Ili uziunguze?"

"Hazitaungua."

"Waya uko wapi?"

"Leta shuka, Mama Muthoni."

Nilimpa mbili, nikiwa na uzito moyoni. Asubuhi alizirudisha, kavu, zimekunjwa pembe juu ya pembe. Nilizikagua zote dirishani. Hazikuwa na doa la moto wala mdudu. Lakini zilikuwa na harufu ambayo sikuitambua vizuri, na nilisimama nazo nikizinusa mpaka nikaona aibu. Aliendelea hivyo. Jioni mfuko, asubuhi shuka, nami nilizifukiza kwa moshi wa jikoni mpaka ile harufu iishe ndipo nikamtandikia. Kila mara nilimuuliza kuhusu waya na kila mara alizungumzia bei ya majani chai au mahubiri ya Jumapili.

Niliamini amewasha tena. Niliona ndani ya akili yangu ule ukuta wa mbao, sasa bila mtu nyuma yake, na mzee amesinzia kwenye kiti mpaka moto umfikie. Nilikuwa nimemchukia sana wakati huo, lakini sikutaka aungue. Nilimwomba Mungu anitenganishie mambo hayo mawili. Asubuhi moja, kabla hajaja, nikafunga leso kiunoni, nikavuka njia.

Mashine nilikutana nayo uani. Ilikuwa imesimama peke yake kwenye umande, mlango wake wa mviringo umefunguliwa, kamba ya umeme imekatwa karibu kabisa na mwili. Ndani ya pipa kulikuwa na kuku jike anaatamia. Alinitazama kwa jicho moja la hasira. Kibanda kilikuwa kimefungwa na ndani yake hakukuwa na sauti ya kifaranga hata mmoja.

Nikabisha mlango.

"Usiingie," sauti ikasema. "Sijavaa."

Niliingia. Umri wangu unaniruhusu. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye kiti chake cha sebuleni, na jiko la makaa limekaribia kuzima miguuni pake. Juu alivaa koti lake zito la shule, limefungwa vifungo vyote. Chini ya koti, kuanzia shingoni mpaka magotini, alikuwa amejizungushia shuka ya Mama Igoki, juu ya ngozi, imebana kama bandeji. Nyingine ilikuwa imekaushwa tayari, imekunjwa mezani kando ya majani ya chai. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Ni shuka. Inakauka."

"Juu yako?"

"Sasa ningeiweka wapi? Hapa ndipo penye joto."

"Usiku kucha?"

"Usimwambie Mama Igoki. Atakataa kuzilalia. Unamjua, ni mtu wa usafi."

"Utashikwa na nimonia ufe."

"Ile mashine ilikuwa inaunguza," akasema. "Mimi siunguzi."

Nilikaa kwenye kile kiti kingine, chenye mto wa pamba ya chujio, nikajua nimekalia nini, na sikuinuka. Baadaye akaniomba nigeuke, nikageukia ukuta, nikasikia akijifungua ile shuka kwa shida, akigumia kwa baridi. Akanikabidhi. Ilikuwa na joto, bado mbichi kidogo pindoni, na sasa niliitambua ile harufu: dawa ya kuchua mgongo, jasho la mzee, kuku, na mtu ambaye haogi mara kwa mara. Nilitoka nayo nimenyoosha mkono, mbali na gauni langu.

Nilikuwa nimeshaamua njiani kwamba nitaifua upya na kuitundika juu ya moshi, na kesho nitamwambia mzee basi, inatosha. Nilipoingia, Mama Igoki alikuwa macho, kama kawaida.

"Hii ina harufu," nikamwambia. "Ngoja niifue kwanza."

Alinyoosha mkono wake mzima. "Leta."

"Mama Igoki, si safi. Usiniulize kwa nini."

"Leta."

Nilimpa pembe moja. Aliivuta mpaka puani, akakaa nayo hapo. Nilitazama uso wake nikingoja ukunjamane, kwa maana namjua huyu mwanamke, alikuwa akichemsha vikombe kwa siri. Haukukunjamana.

"Usifue," akasema.

Nikamtandikia, kwa kuwa ndiye mwenye kitanda. Nilimgeuza, nikaipitisha chini ya mgongo wake, nikachomeka pindo zake, huku nikipumulia mdomoni. Kisha nikatoka nje, nikamimina maji kwenye karai, nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa bado sijamaliza nilipomsikia kupitia dirishani akikoroma, usingizi wake wa kwanza wa kweli tangu tumbebe kwenye blanketi. Nilimshukuru Mungu, nikaongeza sabuni.